Siasa, Sehemu ya Pili

Mimi husoma riwaya. Nimekana jambo hili kwa miaka ishirini, mbele ya mume wangu, wanafunzi wangu na walimu wenzangu wa chuo hapa Garissa. Wengine bado hawajanisamehe, na kosa lenyewe si riwaya. Hawajasahau jinsi nilivyokuwa nikiwatazama walipokuwa wakisoma zao.

Nilichodai kusoma ni falsafa na nadharia ya siasa. Nilitoka chuo kikuu na shahada, miwani na dharau. Miwani nimebadilisha mara nne; dharau ni ile ile. Katika warsha moja nilisimama nikasema kwamba riwaya ni uongo uliopigwa chapa, na kwamba mtu mzima anayewalilia watu wasiokuwapo ana nafasi nyingi mno moyoni. Nilipigiwa makofi. Jioni hiyo hiyo nilijifungia chumbani nikamlilia mtu asiyekuwapo, kisha nikamwambia mume wangu kwamba ni vitunguu. Siku hiyo tulikuwa tumekula mkate na chai.

Ujanja wangu ulikuwa wa darasa la tatu. Kila riwaya niliivika jalada la karatasi ya kaki, kama tulivyovika madaftari shuleni, na juu yake nikaandika kwa kalamu nzito: SIASA, SEHEMU YA PILI. Riwaya zilikuja na kwenda, Sehemu ya Pili ikabaki mezani pangu. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyewahi kuuliza Sehemu ya Kwanza iko wapi. Katika chumba chetu cha walimu, siasa ni ukoo gani umepata kiti gani na nani alaumiwe, na hilo halihitaji kitabu.

Vitabu vya kweli vya nadharia vilikuwa nyumbani, rafuni, vimepangwa kwa urefu. Kila kimoja nilikisoma kurasa arobaini za mwanzo. Ungeshangaa kurasa arobaini zinavyoweza kumfikisha mtu mbali katika mjadala, hasa akijua kukunja uso.

Mtu mmoja tu ndiye aliyezipata riwaya zangu: habaryar, yaani mdogo wa mama yangu, anayefuga mbuzi na ngamia wachache Hulugho na hajui kusoma. Nami ananiita habaryar, ndivyo tunavyoitana. Hunipigia simu kila Ijumaa, na kwetu mazungumzo hayaanzi na shida, yanaanza na habari: mvua, malisho, nani mgonjwa, nani kajifungua, mpaka kila mmoja amwage alicho nacho. Mtu wa mjini habari humwishia haraka. Siku moja zilipoisha zangu, nikamwambia kuna mwanamke fulani amefiwa na mumewe, nikaendelea. Nilikuwa ukurasa wa mia na kumi. Tangu hapo, akimaliza mvua na malisho, aliuliza, "Na yule mama vipi?"

Yule mama aliishi nchi ya baridi. Mumewe na ndugu zake walijenga kinu cha kusaga nafaka kando ya mto. Mume alipokufa, ndugu wakamfungia mjane mlango, wakisema kinu ni cha waliobeba mawe. Mama akawauliza, waliobeba mawe walikuwa wakila nini? Hakimu wao akaamua kwamba aliyewapikia wajenzi ni mjenzi. Habaryar aliipenda sana hukumu hiyo, akataka niirudie. Sikuwahi kumwambia kwamba yule mama hayupo. Ningemwambiaje, na yeye ndiye aliyetangaza Hulugho nzima kwamba binti wa dada yake hasomi upuuzi?

Mwaka jana habaryar naye alifiwa. Kisima ambacho mumewe alichimba pamoja na ndugu zake kina zamu za kunywesha mifugo, na zamu ya nyumba yake ilikuwa ya pili. Eda ilipoisha, mashemeji wakaisogeza ikawa ya mwisho, saa ambayo maji yameshakuwa tope. Akapeleka kesi kwa wazee. Wazee hufuata xeer, sheria yetu ya mila, na xeer inadai mfano: kesi kama hii ilipotokea zamani, au kwa watu wengine, waliamua nini? Kesi isiyo na mfano huwaumiza wazee kichwa, na mwenye kesi ndiye hulipia maumivu hayo. Habaryar akanipigia.

"Wewe umesomea haki," alisema. "Nipe maneno."

Kwa mara ya kwanza tangu nihitimu nikapita ukurasa wa arobaini. Nilisoma siku nne, nikaandika kurasa tatu, nikamsomea kwa Kisomali nikiwa nimesimama, kana kwamba ananiona. Nilianza na wale wanaosema kwamba kabla ya serikali kila mtu aliishi peke yake akimwogopa mwenzake, mpaka watu wakakaa wakapatana.

"Peke yake?" alisema. "Aliyeandika hayo hana mashemeji."

Nikamletea wengine, wanaotaka watu wagawane mali kana kwamba hakuna anayejua kama yeye ni tajiri au maskini. Alicheka mpaka akakohoa. Hulugho, alisema, hata mbuzi wanajua nani tajiri. Kisha akaniuliza, kwa upole wa mtu anayemwondolea mtoto kisu mkononi, kama nina kitu kingine. Sikuwa nacho. Mbuzi wake wawili walikuwa wamekufa wiki ile, nami nilikuwa nimempa tanbihi.

Siku ya pili ya kikao nilikuwa chumba cha walimu, saa ya chai, simu ilipolia. Alikuwa mzee anayeongoza kikao. Alisema wazee wote wananisikia, kwa hiyo nijibu polepole.

Katika vikao vyetu mwanamke husemewa na ndugu yake wa kiume, na habaryar alikuwa amemlisha kaka yake maneno siku tatu nzima. Kikao nacho, kama simu, huanza na habari. Basi, mzee alinieleza, siku ya kwanza wakati chai inamiminwa, kabla kesi haijatajwa, kaka mtu alitoa habari ya watu fulani: ndugu waliojenga duka la mawe, mmoja akafa, mjane akafungiwa mlango. Nilimtambua yule mama wa riwaya yangu mzee alipofika kwenye swali la waliobeba mawe walikuwa wakila nini. Kinu kilikuwa kimegeuka duka na theluji imegeuka vumbi. Wazee walipouliza hao ni watu wa wapi, waliambiwa wako mbali, kupita Mandera. Hilo silibishi. Ni mbali sana kupita Mandera. Kesi ilipofunguliwa, habari ile ikaletwa kama mfano.

"Tunaambiwa imetoka kwako, mwalimu," alisema mzee, "na kwamba wewe husomi hadithi. Watu hao walikuwapo?"

Kitabu chenyewe kilikuwa mbele yangu, ndani ya kaki. Walimu wenzangu, ambao Kisomali wanakijua kuniliko, walikuwa wameacha kusahihisha. Nikisema walikuwapo, nimedanganya kikao. Nikisema hawakuwapo, mfano umeanguka na habaryar anarudi kwenye tope. Nikajaribu njia ya wasomi.

"Wamo kitabuni, adeer," nikasema, kama tunavyowaita wazee wetu.

"Sikuuliza kitabu. Nimeuliza watu."

"Hawakuwapo," nikasema. "Ni riwaya. Kuna mtu aliitunga tu. Mimi husoma riwaya."

Nyuma yangu mwalimu wa hesabu aliweka kikombe chini taratibu. Huko Hulugho nilisikia mtu akisema, kwa furaha isiyofichika, kwamba basi yamekwisha, mfano ni uongo. Alikuwa shemeji mkubwa.

"Jana hukujua ni uongo," mzee alimwambia. "Jana, chai mkononi, ulisema ndugu wa yule marehemu hawana haya. Ulisema mara mbili, na hakuna aliyekuuliza. Hao ndugu hawapo, sawa. Wewe upo. Umekaa hapo."

Shemeji akaanza kueleza kwamba duka na kisima si kitu kimoja. Mzee alimwacha aeleze. Alipochoka, akaulizwa wachimbaji wa kisima walikuwa wakila kwa nani. Kisha nikasikia wazee wakiitikia mmoja baada ya mwingine, na mzee akitamka kwamba zamu ya mjane ni ya pili, kama ilivyokuwa.

Nilidhani wamekata simu.

"Mwalimu."

"Naam, adeer."

"Yule mama aliolewa tena?"

Nikamwambia sijui. Nilikuwa nimebakiza kurasa thelathini.

"Kitabu unacho hapo?"

"Ninacho."

"Basi soma. Chai bado ipo."

Nikaivua kaki mbele ya watu, nikatafuta ukurasa. Mwalimu wa hesabu akavuta kiti chake karibu.