Mama Hana Kibanja

Ukitaka kugombana na mtu wa Karagwe huna haja ya kumtukana. Mwambie tu hana kibanja. Kibanja ni shamba la nyumbani, migomba na kahawa kuizunguka nyumba, na makaburi ya wazee humo humo. Asiye nacho kwetu ni mpita njia. Ndiyo maana fomu ile ya nyumba nusura ituue mimi na mama.

Mama anaishi kota, nyumba ambazo halmashauri iliwajengea wafanyakazi wake. Marehemu baba alikuwa dereva wao, na alipofariki mama aliachwa aendelee kupanga. Mwaka jana tukaitwa kwenye mkutano. Nyumba zinakabidhiwa msimamizi mpya, atazikarabati, na mpangaji wa kipato kidogo atalipa sehemu tu ya kodi. Iliyobaki ni ya serikali.

"Msaada umefungwa kwenye nyumba, si kwa mtu," ofisa akasisitiza. "Ukihama, unauacha."

Sharti lilikuwa moja: usiwe na nyumba wala shamba kwingine. Mama hana. Kibanja cha Nyakakika shemeji zake walikichukua hata kabla ya kuanua matanga. Mimi na hasira zangu nilitaka twende mahakamani, yeye akakataa, na tangu hapo husema "kibanja chetu cha Nyakakika" kama mtu aliyetoka kupalilia huko asubuhi.

Nikamfundisha wiki nzima.

"Mama, wakikuuliza kama una shamba?"

"Ninacho kibanja."

"Watakutoa humu!"

"Wanitoe nikiwa nacho."

Nikamsihi aseme "sina" tu, basi. Neno lenyewe fupi, hata mtoto wa chekechea analiweza. Akaanza vizuri, "Si...", kikohozi kikamshika.

Siku ya ukaguzi akaja kijana mpole, mtu wa pwani, kabeba faili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu buni."

Akamwekea buni za kutafuna, kama tunavyomfanyia mgeni. Kijana wa watu akazimeza kwa maji kama dawa ya malaria. Kisha akafungua faili.

"Mama, una shamba popote?"

Nilimkazia macho mama mpaka yakaniuma.

"Ninacho kibanja," akasema.

Nikajua tumekwisha. Kijana akauliza kiko wapi. Mama akamwambia, "Inuka," akampeleka nyuma ya jiko, kwenye migomba yake minane na mbuni mmoja uliopinda. Akamtajia mmoja mmoja, huu wa kupika, huu wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, huu mvivu.

"Lakini mama, hapa ni uwanja wa kota."

"Si mlisema mkutanoni msaada umefungwa kwenye nyumba?"

"Ndiyo."

"Basi na migomba imefungwa hapo hapo. Nikihama, naiacha."

Kijana alicheka mpaka akaegemea mgomba mvivu. Akaandika palepale amesimama, akaiweka fomu juu ya faili, mama akasaini.

Alipoondoka nikawahi kumdanganya mama ili asiumie, "Ameandika unacho."

Nilisahau kwamba mama alifanya usafi hospitalini miaka mingi, na alizoea kusoma vyeti vya wagonjwa kichwa chini, upande wa pili wa meza ya daktari.

"Ameandika sina," akasema.

Kwa kumtetea, nikaanza kumporomoshea yule kijana maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa.

"Mwache. Ameandika kweli."

Sikuwahi kumsikia akilisema hilo, hata siku walipokichukua. Nililia pale pale nyuma ya jiko, naye akaniambia nipunguze sauti, majirani wana masikio.

Barua ilikuja baada ya wiki chache. Mpangaji, ambaye hana shamba wala nyumba nyingine, amekubaliwa kubaki. Mama akanituma msumari, akaitundika sebuleni juu ya kiti chake. Iko hapo mpaka leo, maandishi yakitazama ukuta.