Wakala wa Simu Msimu wa Maua ya Mchungwa

Wakala wa kampuni ya simu huingia kwenye karakana ya Bi Monjia ya kukeneka maji ya maua, mjini Nabeul, kama mtu anayeingia chumba cha mtoto aliyelala. Hufuta viatu polepole, hukumbatia kikombe cha chai kwa viganja, na anaposifu kasi ya intaneti sauti yake hushuka, kana kwamba anasimulia ndoto kupitia mvuke wa mitungi. Bi Monjia anaitaka intaneti hiyo kwa oda za ng'ambo. Lakini anaiwazia namba ya simu ya mezani, ile ambayo mama wa kila bibi harusi huipiga kuagiza maji ya maua, na mji mzima huiita namba ya kina Belkadhi, ukoo wa mumewe.

“Tukihamia kwenu, namba yetu tunakuja nayo?”

Wakala aliacha kuchezea kalamu. “Hapana, mama. Mtaipoteza, kisha atapewa mtu mwingine.”

“Yaani watu wapige kwa marehemu mume wangu, aitike mhuni?”

Akafunga mkoba taratibu. “Basi bakini mlipo. Ofisini nitasema sikuwakuta.”

“Muongo wee! Na harufu hiyo ya maua shatini?”

Akainusa kola yake, akafumba macho.

“Nitasema nimetoka harusini.”