Kidole Kisichovutwa

Darlene Petryshyn hapendi kubembelezwa. Ukimwambia "samahani, dada," atakuuliza umemkosea nini. Nimetunza naye panya wa maabara hapa Hamilton tangu nywele zake zikiwa nyekundu, na sikuwahi kumwona akisita kazini hadi asubuhi ile ya kipimo cha mwisho.

Panya wale wana ugonjwa uleule wa mwanawe, Taras: misuli inakufa kidogo kidogo. Seli ya msuli ikipasuka, ATP, yaani akiba yake ya nguvu, inamwagika nje. Vipokezi vilivyo kwenye seli za jirani vikiionja tu ATP hiyo vinapiga king'ora, na kinga ya mwili inakuja mbio kubomoa hata msuli uliokuwa mzima. Dawa yetu inaziba kipokezi kimoja. Nusu ya panya walipewa dawa, nusu maji ya chumvi, na nani kapewa nini tulifichwa wote.

Kipimo chenyewe ni hiki: panya anashika kifimbo cha chuma, unamvuta mkia taratibu mpaka aachie, mashine inasoma nguvu yake. Mvute kwa pupa, ataonekana dhaifu. Mbembeleze, ataonekana shujaa. Ndiyo maana mvutaji huwa mmoja, na wetu ni Darlene. Kama dawa ingeshindwa siku ile, mradi ungefungwa. Na Taras, kijana wa miaka kumi na tisa, alikuwa amebakiwa na nguvu za vidole tu.

Darlene akamshika panya wa kwanza, akasita, akamrudisha kizimbani.

"Vuta wewe," akaniambia.

"Una wazimu? Mkono wangu mzito huu."

"Mzito, lakini haujui kitu. Mimi nimewalisha. Nimeshawagawa moyoni, hawa wana dawa, hawa hawana. Mwamba ngoma huvutia kwake."

"Na nani atajua?"

Alinitazama mpaka nikaona haya. "Mwanangu aje anywe uongo wangu, halafu unaniuliza nani atajua?"

Profesa Whitcombe, mkuu wetu, alikuwa mlangoni. Uso ulimshuka. "Darlene, huyu atatuharibia. Mkono wake haujazoea."

"Mkono wake utawaharibia wote sawasawa, wenye dawa na wasio nayo," Darlene akasema, akavua glavu.

Basi nikavuta. Nilimchukia kwa kunitwisha mzigo ule, nasema kweli. Kila panya aliyeachia mapema nilihisi nimemnyang'anya Taras kitu. Darlene alikaa ametazama ukuta, hakugeuka hata mara moja.

Mchana profesa akafungua siri kwenye kompyuta. Akazipitia namba mara mbili.

"Tofauti ipo," akasema mwishowe. "Ndogo kuliko nilivyotaka. Lakini ipo."

Darlene akavaa koti, nikampeleka kwao kwa gari langu.

Taras alikuwa mezani kwenye kiti chake cha magurudumu, mbele yake sahani ya maandazi ya viazi ambayo hakuigusa.

"Mama, wameshika?"

"Wameshika. Panya, mwanangu. Panya tu. Kwa watu bado miaka."

"Miaka mingapi?"

Darlene akaketi, akaweka mkono mezani. Taras akauburuta mkono wake kwa vidole juu ya meza mpaka ukafika kwa mama yake, akakizungushia vidole kidole kimoja cha mama, akabana kadiri alivyoweza.

"Haya," akasema. "Nipime na mimi. Vuta."

Maandazi yalipoa pale mezani. Darlene hakuvuta.