Karatasi kwenye ndoo za mama mkwe

Leo nimemwaibisha mama mkwe wangu bila kukusudia.

Nyumbani kwetu hapa Kasulu tunakula watu kumi na wanne. Jikoni kuna ndoo tisa zinazofanana, na kila siku lazima mtu afunue ya karanga akitafuta unga.

Basi leo Jumamosi, mwalimu mimi, nikachukua karatasi na gundi. MAHARAGE. UNGA WA MUHOGO. DAGAA. Herufi kubwa, safi kabisa. Nikajiona nimemaliza kazi!

Mchana namkuta mama anafunua ndoo moja moja na kunusa.

"Mama, si nimeandika?"

"Umeandika vizuri, mwanangu. Ila mimi sikusoma."

Jamani. Miaka mitatu naishi naye na sikuwahi kujua. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza: "Lete hiyo gundi."

Kwenye ndoo ya maharage akabandika harage. Kwenye unga, kipande cha muhogo mkavu. Kwenye dagaa akabandika dagaa mzima, na macho yake, anatuangalia! Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Alipofika kwenye sukari hakubandika kitu. Akabandua hata karatasi yangu.

"Sasa mama, hiyo tutaijuaje?"

Akachungulia mlangoni kwanza, halafu akaninong'oneza:

"Watoto wa humu ndani wanajua kusoma hao. Hii tuijue mimi na wewe."

Haya, wenzangu wenye familia kubwa, nyie sukari mnaificha wapi?