Injinia Niliyemwendea Mwisho

Binti yangu alirudi Takaungu na begi moja, akaniambia harudi tena chuo kikuu. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu awe injinia wa mitambo. Nilimuuliza kuna nini, akasema hakuna kitu, mama, nimechoka. Nikamuuliza ana mimba, akacheka kicheko kibaya, akaenda kulala. Chuo kilikuwa kinafunguliwa Jumatatu ya wiki ya pili, na asiyejiandikisha siku hiyo nafasi yake inakwenda.

Mimi ni mshonaji. Cherehani zangu nazifungua mwenyewe na kuzirudishia mwenyewe, na yule mtoto alijifunzia miguuni pangu kushika bisibisi kabla hajajua kushika kalamu. Mtaani walishaanza kuniita mama injinia, nami, Mungu anisamehe, nilikuwa naitika. Kwa hiyo nisiseme uongo kwamba nilikuwa namhurumia yeye peke yake. Nilijihurumia na mimi.

Maneno yangu yalikuwa hayamwingii. Nikaona nimtafutie mwanamke mwenzake katika kazi hizo, aje amwambie mambo ambayo mimi siyajui. Niliwajua wawili. Wa kwanza alikuwa mteja wangu, fundi wa mitambo ya baridi katika hoteli moja ya Kikambala. Nilimkuta nyuma ya jiko la hoteli, amepiga magoti mbele ya friji kubwa kama chumba. Aliniambia mengi bila kuacha kazi. Miaka yote aliyokuwa pale, wageni wakimwona humwagiza taulo. Vijana aliowafundisha yeye kazi, wawili sasa ni wakubwa wake. Nilianza kujuta kwa nini nimemuuliza. Halafu akafuta mikono, akanitazama usoni.

"Mwambie arudi," akasema. "Akiacha sasa watasema walijua tangu mwanzo."

Maneno hayo niliyabeba hadi nyumbani kwa tahadhari, nisije nikayasahau. Binti yangu aliyasikiliza huku akikunja nguo, akasema nimfikishie ahsante zake, akaendelea kukunja.

Alikuwa amebaki mmoja. Huyu nilimweka wa mwisho kama mtu anavyojiwekea kipande cha nyama pembeni ya sahani. Ni injinia wa maji, mzaliwa wa Ganze, na ndiye aliyemsimamia binti yangu miezi mitatu ya mazoezi ya kazi, kwenye kisima cha mashine huko huko Ganze. Miezi ile mtoto akipiga simu habari zilikuwa ni zake tu. Injinia wetu kasema hivi, injinia wetu kapanda juu ya tangi mwenyewe na dera lake. Mtoto aliniambia watu wakija kisimani humwamkia dereva wakidhani ndiye injinia, na injinia mwenyewe huwaacha wamalize salamu kwanza, kisha ndipo anaanza kazi. Nilishaona wivu, mtoto wangu kumsifu mwanamke mwingine hivyo.

Ijumaa nikamwendea ofisini kwake mjini Kilifi. Jumatatu ilikuwa mlangoni, na mimi maji yalikuwa yamenifika shingoni. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomdhania. Aliniamkia shikamoo kwa adabu zote, lakini nilipojitambulisha ni mama wa nani, aliinuka akafunga mlango. Nikadhani ni heshima.

Nilimwomba kama mtu anayeomba dawa. Nikamwambia sitaki barua wala kitu, nataka aje Takaungu aseme naye japo nusu saa, kwa sababu wengine wote hawasikii ila yeye. Nikaanza kurudia maneno.

"Mayo," akaniita, kama wanavyowaita mama zao kwao, "kwani hakukwambia?"

Nikamwambia hakuniambia kitu.

Ndipo aliponieleza. Pampu ya kile kisima ilikuwa imeungua kwa kuendeshwa maji yakiwa yameshuka, na vijiji vizima vikarudia kufuata maji kwa miguu. Ripoti ikaandikwa kwamba aliyeiacha mashine ikienda ni mwanafunzi wa mazoezi, na kwa ripoti hiyo binti yangu akaandikiwa kwamba hakufaulu, itabidi arudie mazoezi.

"Haikuwa yeye," akasema. "Yeye ndiye aliyeandika izimwe, siku tatu mfululizo, na wanaume wakamcheka. Ripoti ile niliitia sahihi mimi."

Nilimuuliza kwa nini. Aliniambia wakubwa walitaka jina la mtu, na jina lingekuwa lake au la mwanafunzi. Yeye akiondoka, pale hapatakuwa na mwanamke hata mmoja.

"Na sasa wako wangapi?" nikamuuliza.

Akatazama meza. "Mmoja."

Nilitaka kumzaba kofi. Kilichonizuia ni kwamba alikuwa analia bila sauti, na huruma iliniingia nikaichukia. Nikamwambia basi aandike barua aufute ule uongo, tena aandike sasa hivi nikimwona. Alichukua kalamu kweli. Akaishika muda mrefu, kisha akaiweka chini na kusema ana watoto wawili, nimpe muda afikirie. Nilimwambia muda sina. Hakuinua tena macho, nami nikatoka.

Njia nzima nilikuwa napanga. Nitakwenda chuoni mimi mwenyewe, nitawapigia magoti, nitawaeleza kila kitu. Nilimkuta mtoto kitandani, ameegemea ukuta, nikamwaga yote kwa pumzi moja: nimejua kisa cha pampu, najua si yeye, najua na aliyetia sahihi, na wanaume wale Mungu atawalipa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakushtuka hata kidogo.

"Najua mama, nilikuwa nimesimama pale akitia sahihi," akasema. "Wale wanaume nilishawazoea, wala si wao walionirudisha nyumbani. Aliyenirudisha ni yeye, yule niliyetaka kuwa kama yeye."

Nilikaa kando yake. Nilitafuta jina la mwanamke mwingine wa kumwendea, na sikuwa naye.