Jina la Musili Ndani ya Leseni

Tangu mwanawe Musili azikwe, Mama Nzula hakukubali kitu chake kiguswe. Viatu vilibaki mlangoni, koti msumarini. Kila asubuhi alifungua duka lake la kushona sare za shule hapo Hurlingham, na yeyote aliyegusia kugawa nguo za marehemu alijibiwa na mlio wa cherehani tu.

Leo Odhiambo, rafiki wa Musili, alikuja kuomba kitu kisichoonekana.

"Mama, ile programu aliyoandika Musili, ya kuwatafutia wagonjwa watu wa kuchangia damu, iko kwenye seva, kompyuta ya pamoja ya jumuiya yetu ya waandishi wa programu. Tunaitumia wengi, bure. Lakini sheria ni moja: kila programu iwe na leseni huria, mtu yeyote aruhusiwe kuisoma, kuinakili, kuirekebisha. Musili hakuiweka. Ijumaa itaondolewa."

"Si uweke wewe?"

"Siwezi, Mama. Si yangu. Mrithi ni wewe."

Mukai, binti wa Mama Nzula, aliacha vifungo alivyokuwa akishona. "Mami, wagonjwa hospitalini huko Upper Hill wanaitegemea. Juzi tu babake jirani yetu Ngui alipata damu."

Mama Nzula alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Musili hakuoa, hakuacha mtoto. Kwao Ukambani jina la mtu hubebwa na wajukuu. Hili lingebebwa na nani? Na sasa hata kazi ya mikono yake watu waichukue, waiite yao!

"Mmeanza kumgawa mtoto wangu kama shuka," alisema.

Odhiambo aliinamisha kichwa. Kisha akatoa simu, akamsomea leseni yenyewe, akiifasiri polepole. Ilikuwa fupi kuliko tangazo la kifo. Tumia upendavyo. Badilisha. Wape wengine. Ila katika kila nakala, jina la mwandishi libaki.

"Rudia hapo mwisho."

Akarudia.

"Kila nakala? Hata ya mtu wa mbali nisiyemjua?"

"Hata yake. Akilifuta, amevunja leseni."

Mama Nzula alichukua chaki ya kukatia nguo, akaandika juu ya kitambaa cha buluu: MUSILI NDETI.

"Weka. Lote, usikate."

Odhiambo alinakili herufi kwa herufi. Alipoinuka kuaga, mama akamwambia, "Pitia nyumbani uchukue koti lake. Baridi imeingia."

"Mami, na hilo tumbo la Odhiambo?" Mukai akauliza.

"Koti nitalipanua," alisema, akitunga uzi. "Jina nililoshona kolani ndilo sitalifumua."