Uzio Waliousimika Mama Zetu

Sisi tuliokulia Karatu kabla kila mtu hajawa na simu mfukoni tulikuwa na kiwanja. Siongelei kiwanja cha kupimwa na kuuzwa. Naongelea kile kipande cha majani nyuma ya mtaa wetu, kilichoinuka upande mmoja na kushuka upande wa pili, kiasi kwamba timu iliyopata kucheza kuelekea bondeni ilikuwa imeshashinda kabla mpira haujaanza. Hakikuwa na jina. Ukisema unaenda kiwanjani, kila mtu alijua ni wapi.

Naandika nina hasira, mnivumilie. Jana kwenye kundi letu la tuliosoma pamoja, mtu kaweka picha ya watoto wamejazana kwenye kochi wameinamia simu, akaandika kwamba watoto wa siku hizi ni mayai, hata kucheza kombolela hawajui. Mkacheka wote. Na mimi nilicheka, maana kweli mwanangu Emanueli anaifungua simu yangu vizuri kuliko mimi, lakini kamba za viatu zinamshinda. Halafu nikamwangalia pale alipokaa, mguu kaunyoosha juu ya mto, kicheko kikaniishia.

Ngoja niwakumbushe kwanza.

Mnakumbuka baridi ya mwezi wa saba, ukungu umeshuka kutoka msitu wa Ngorongoro mpaka huoni goli la pili? Tulicheza hivyo hivyo. Masweta ya shule ndiyo yalikuwa magoli, na ndiyo maana yote yalikuwa na matundu. Wasichana tulicheza rede upande wa juu, mmoja katikati anajaza chupa udongo huku anakwepa mpira, na ule udongo wetu mwekundu ukishaingia kwenye soksi nyeupe hautoki mpaka soksi inatupwa. Tukichoka tunalala chali kwenye majani tunakula mahindi ya kuchemsha, mtu anang'ata mistari yake anakupa gunzi lililobaki. Wavulana walikuwa na kipa mmoja, Paskali, aliyewekwa golini kwa sababu alikuwa mzito wa kukimbia. Siku moja alidaka mpira kwa mdomo, jino likabaki kwenye majani. Tulilitafuta mpaka giza likaingia, kila mtu anapapasa, tunacheka mpaka tunalia.

Jioni mama zetu walisimama milangoni wakaita. Wa kwangu alikuwa na maneno yake: "Nikikuita mara ya pili, sikuiti kwa mdomo." Ukisikia hivyo unaacha hata kiatu.

Na kulikuwa na mzee mmoja tuliyemwita Aako, yaani babu kwa Kiiraqw, ingawa hakuwa babu wa mtu yeyote pale. Alileta kondoo wake kiwanjani kila siku. Wao wanakula majani, sisi tunacheza katikati yao. Alikuwa mkorofi kweli. "Nyie watoto, mpira wenu ukimpiga huyo mwenye mimba, mtamzaa nyie." Hatukujua kwamba majani yale yalikuwa mafupi kwa sababu ya midomo ya kondoo wake. Tulijua tu kwamba tunarudi nyumbani na kinyesi kwenye viatu, na mama zetu wanasaga meno.

Kinyesi hicho ndicho kilichotumaliza.

Tulikuwa tumeshakuwa watu wazima, mimi nina mimba ya Emanueli, mama zetu walipoamua kuongea kwenye mkutano wa mtaa. Mama yangu ndiye aliyesimama. Akasema, "Tunataka uzio. Kondoo wakae nje, wajukuu wetu wacheze pasafi." Wakapiga makofi. Mwenyekiti akakubali haraka, haraka mno nikikumbuka sasa, akasema akina mama watoe nguvu zao na seng'enge itatafutwa.

Wakafanya msaragambo. Jumamosi kwa Jumamosi walikuja na majembe na sururu, khanga zimefungwa kiunoni, wanachimba mashimo na kushindilia nguzo. Mimi tumbo limeshuka, kazi yangu ilikuwa kuwaletea chai. Aako akapita na kondoo wake kwa mara ya mwisho, akasimama mbele yao.

"Haya, mmenifukuza. Tuone nani atayala haya majani."

"Nenda, Aako," mama akamjibu, "hapa si zizi la baba yako."

Wakacheka mpaka wakakaa chini.

Sasa mnielewe vizuri, maana kuna watu wanawaita mama zetu wajinga. Kwetu sisi uzio una kazi moja, kuzuia mnyama. Shamba unalizungushia miiba kwa sababu ya ng'ombe, zizi kwa sababu ya fisi. Mtoto anapita popote, hata kwenye shamba la adui yako anapita. Nani angefikiri kwamba unaweza kuchimba shimo kwa mikono yako, ukasimika nguzo, na anayezuiwa akawa mjukuu wako?

Uzio ulipokamilika likaja geti. Geti likaja na kufuli. Halafu yakaja mahema ya wageni na magari ya utalii yakapangwa pale pale tulipochezea rede. Tulipouliza, tukaambiwa kiwanja hakikuwa na hati, sasa kimepata mwenyewe. Mama yangu alikwenda ofisini mpaka wakamchoka. Siku hizi akitoka kanisani anazunguka njia ya mbali asiuone ule uzio.

Watoto wakahamia kando ya lami. Wangekwenda wapi? Ndipo pikipiki ilipomkuta Emanueli anafuata mpira wa makaratasi. Nashukuru yuko hai. Mguu ulivunjika, wakamfunga hogo la plasta, na walipolitoa nesi akaniambia, "Mama Emanueli, atembee kila siku, lakini kwenye majani, pasiwe na mawe." Nikamuuliza majani hayo yako wapi Karatu hii. Akamwita mgonjwa mwingine.

Juzi asubuhi nikambeba mpaka getini. Mlinzi akatoka na kofia yake. Paskali, yule yule, pengo lake lipo.

"Dada, unajua siruhusiwi."

"Jino lako limo humo ndani, Pasko, na unaniambia huruhusiwi?"

"Nina watoto, dada. Wakiniona wananiondoa."

"Na wako wanacheza wapi?"

"Barabarani, kama wako." Akageuka kutazama mahema. Wageni walikuwa wameshaondoka kwenda kreta ya Ngorongoro. Akafungua kufuli. "Zunguka naye kidogo tu. Mpira usiingie."

Nikamshusha Emanueli kwenye majani. Ni mazuri kuliko ya kwetu, siwezi kusema uongo, yamekatwa kwa mashine, hakuna kinyesi hata kimoja. Nikamwambia atembee. Akashika seng'enge, akaanza kuifuata pembeni pembeni, mguu mmoja mbele ya mwingine, kama anavyotembea ukingoni mwa lami.

"Nenda katikati, mwanangu. Hapa hakuna gari."

Akasimama. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama kulia tena. Kisha akanyoosha mkono nije nimvushe.

Nilimvusha. Paskali alikuwa ametugeuzia mgongo, anahangaika na kufuli lisilo na tatizo lolote.

Kwa hiyo endeleeni kuwacheka. Sisi katika umri ule tuliingia kwenye majani yale mbio, bila kumtazama mtu, na aliyetukataza alikuwa mzee mmoja na kondoo wake. Mwanangu ana miaka mitano, na anaomba kuvushwa kwenye nyasi.